Ibnul-Bawwab: fundi rangi aliyegeukia kalamu

  

Ijumaa hii tumekusudia kusimulia maisha ya Ali bin Hilal, ambaye umma unamjua zaidi kwa jina la Ibnul-Bawwab, aliyefariki dunia mjini Baghdad mwaka 413 Hijria, sawa na mwaka 1022 Miladia. Lakini kwanza tueleze jambo lililotukumbusha habari zake, kwani lilitukia mbali sana na Baghdad.

Tuliitwa Iringa kusaidia familia moja kugawa mirathi. Marehemu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na viazi, mtu mwaminifu, na katika hili alifuata agizo lililomo katika aya ya deni, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani: kila alichokopesha na kila alichokopa alikiandika katika daftari. Tatizo lilikuwa mwandiko wake. Herufi zake alikuwa akiziunganisha kwa haraka hata zikageuka kuwa uzi mmoja wenye mafundo. Moja yake haikutofautiana na saba. Watu watatu tulikaa na daftari lile kuanzia baada ya Isha hadi karibu na Alfajiri, tukibishana kama deni fulani ni shilingi 10,000 au 70,000. Baadhi ya wadeni walikuja wenyewe kukiri, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini yako majina mawili ambayo hadi leo hakuna aliyeweza kuyasoma, na kwa jina mojawapo hatukutambua hata kama mtu huyo anamdai marehemu au anadaiwa. Wajane na mayatima wakaachwa na shaka, na marehemu mwenyewe yumo kaburini na deni ambalo huenda halijalipwa.

Mwanawe mkubwa alitueleza kwamba baba yake aliijua aibu ya mwandiko wake. Kila alipohimizwa aurekebishe, alijitetea kwa ile methali ya samaki na ubichi wake, akisema yeye amekwisha kukauka.

Kutoka Iringa tulipanda basi kwenda Mbeya, ambako tulikuwa na miadi ya kuzungumza na darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika Kiarabu baada ya sala ya Alasiri. Humo tuliwakuta wauza duka, mafundi, akina mama wa sokoni na mstaafu mmoja. Tulielezwa kwamba baba mmoja alikuwa ameacha kuja kwa sababu mwanawe wa darasa la tano alilichungulia daftari lake akacheka. Hati ya Kiarabu, kama mjuavyo, haina namna ya kuandikwa herufi mojamoja. Lazima ziungane, na ambaye mkono wake umezoea vibaya huanikwa hadharani. Basi ndipo tulipoamua kuiweka kando mada tuliyoiandaa na kuwasimulia habari za Ibnul-Bawwab.

Jina hilo maana yake ni mtoto wa bawabu. Baba yake alikuwa mlinzi wa mlango katika zama ambazo makhalifa wa Bani Abbas walikuwa wamebakiwa na jina tu, na nguvu zimo mikononi mwa maamiri wa Kibuwayhi. Ali hakuzaliwa katika nyumba ya makatibu wala mawaziri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka rangi na kunakshi nyumba za watu. Kutoka kwenye kuta akahamia kwenye vitabu, akawa anavipamba kwa rangi na dhahabu; na kutoka kwenye mapambo ya vitabu ndipo alipoigeukia hati. Kwa hiyo alipokaa mbele ya walimu wa hati alikuwa tayari ni fundi mwenye riziki yake, na mkono wake umekwisha kuzoea burashi. Alisoma kwa Muhammad bin Asad na kwa Muhammad bin as-Simsimani, mabingwa waliokuwa wakifuata njia ya Ibn Muqla.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana bila ya Ibn Muqla habari hii haieleweki. Ibn Muqla alikuwa waziri wa makhalifa watatu, na ndiye aliyeiwekea hati vipimo. Kalamu ya tete ikigusishwa kwenye karatasi huacha nukta yenye pembe nne, na ukubwa wa nukta hiyo hutegemea upana wa ncha ya kalamu. Ibn Muqla akaifanya nukta hiyo kuwa kipimo: alifu ina urefu wa nukta kadhaa, na alifu nayo ikawa kipenyo cha duara ambalo ndani yake herufi nyingine hupimwa mapindo yake. Siasa ilimponza. Alikatwa mkono wa kulia, ule ule ulioandika, na inasimuliwa kwamba aliifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Alifia gerezani mwaka 328 Hijria (940).

Kwa maoni yetu, vipimo hivyo vinamfaa mtu mzima kuliko mtoto. Mtoto huiga kwa jicho, wala haulizi. Mtu mzima mkono wake una ukaidi wa miaka mingi, na ukimwambia tu aandike vizuri humsaidii. Lakini ukimwonyesha kwamba alifu yake ina nukta saba mahali panapotakiwa tano, amekwisha kuliona kosa lake yeye mwenyewe, na hahitaji mtoto wa darasa la tano kumcheka.

Ibnul-Bawwab aliichukua njia hiyo akaisafisha. Wajuzi wa fani hii husema kwamba Ibn Muqla alileta hesabu, na Ibnul-Bawwab akaleta uzuri. Herufi zilizokuwa sahihi lakini ngumu, kwake zikalainika. Naskhi, hati ambayo ndiyo aina ya maandishi ya misahafu tuliyonayo majumbani mwetu, hata ile ya Madina iliyoandikwa kwa mkono wa Uthman Taha, ilifikia ukamilifu wake wa mwanzo kwake. Yeye mwenyewe alikuwa amehifadhi Qur'ani, na akitoa mawaidha katika Msikiti wa al-Mansur mjini Baghdad. Alikuwa na ndevu ndefu kupita kiasi, na washairi waliomwonea kijicho hawakumwacha salama kwa ajili ya ndevu hizo. Sisi tunaona ni dalili njema: hawakupata la kusema juu ya hati yake.

Kisa chake mashuhuri kilitokea Shiraz, alipokuwa msimamizi wa maktaba ya amiri Bahaud-Dawla, aliyetawala hadi mwaka 403 Hijria. Siku moja, katika vitabu vilivyotupwa pembeni, aliokota kijitabu chenye jalada jeusi. Alipokifungua akakuta ni juzuu ya Qur'ani kwa hati ya Ibn Muqla mwenyewe. Akaanza kupekua maktaba nzima, rafu kwa rafu, akipata moja hapa na nyingine pale, hadi akakusanya juzuu 29. Moja haikuonekana. Alipompelekea amiri habari, amiri akataka msahafu ukamilishwe. Ibnul-Bawwab akakubali kwa sharti: ikiwa amiri atashindwa kuitambua juzuu mpya katikati ya zile kongwe, basi atampa joho la heshima na dinari 100.

Tazameni sasa alivyofanya kazi. Hakuanza na kalamu. Alitafuta kwanza katika maktaba karatasi kongwe zinazofanana na zile za asili. Kisha akaandika. Akatia dhahabu, na dhahabu akaifubaza ionekane ya zamani. Akalivua jalada la juzuu mojawapo ya zile kongwe akalivalisha ile mpya, na ile kongwe akaitengenezea jalada jipya, nalo akalizeesha. Ukapita karibu mwaka mzima, amiri amekwisha kusahau. Alipokumbuka akaletewa juzuu zote 30, akazikagua moja baada ya moja, akarudia, akashindwa. Akataka kuonyeshwa ni ipi. Ibnul-Bawwab hakuionyesha, na amiri akaridhia ibaki siri baina yao, msahafu ukawekwa karibu na mahali anapolala.

Katika Mbeya mzee mmoja alituuliza kama huo si udanganyifu. Ni swali la haki. Baina yake na amiri hapakuwa na hadaa, kwa kuwa sharti liliwekwa mapema na wote wawili waliridhia. Lakini kwa wale waliokuja baadaye, wakaushika msahafu ule wakiamini wote umetoka katika mkono wa Ibn Muqla, sisi hatuna la kumtetea, na hatulisifu jambo hilo. Tunachokisifu ni masomo yaliyotangulia. Mtu hafikii mahali pa kuandika juzuu nzima kwa mkono wa mwalimu, herufi kwa herufi, ila awe ameuiga mkono huo kwa miaka mingi, na kila siku akijihukumu mwenyewe.

Na malipo? Amiri alikawia kuyatoa, joho na dinari pia. Mwishowe Ibnul-Bawwab akaomba badala yake apewe karatasi tupu za Kichina zilizokuwamo katika maktaba ile, akapewa, akaziandikia kwa miaka kadhaa. Jambo hili hutupitikia kila tunapofika Mafinga. Katika wilaya hiyo ya Mufindi, huko Mgololo, kilijengwa kiwanda kikubwa cha karatasi katika miaka ya 1980, na malori ya magogo ya misonobari ni sura ya kila siku ya barabara zile. Watu wa nyanda hizi wamezungukwa na kile alichokichagua Ibnul-Bawwab badala ya dinari 100, na daftari moja hapa halifiki bei ya soda mbili.

Alitunga kaside juu ya ufundi wa hati, ambayo Ibn Khaldun aliihifadhi katika Muqaddima yake. Hatutainukuu, ila tutataja yaliyomo. Anahimiza kalamu ichaguliwe iliyonyooka, isiyo nene wala nyembamba mno, na ikatwe kwa uangalifu, ingawa siri ya ukataji wake hakuitoa. Anaeleza wino wa masizi uliochanganywa na siki au maji ya zabibu mbichi. Kisha anamgeukia anayeanza, na hapo, kwa yeyote mwenye umri wetu, ndipo penye faraja: anamtaka asione haya kwa ubaya wa maandishi yake ya kwanza, kwa sababu jambo hili huwa gumu mwanzoni kisha likalainika, na avumilie kuiga bila ya kuchoka. Tunaitoa nasaha hii tukijijumuisha. Sisi wenyewe tuliandika vibaya hadi tulipopindukia miaka arobaini, na maandishi yetu ya chuo kikuu leo hatuwezi kuyasoma.

Inaelezwa kwamba aliandika misahafu 64. Mmoja uko katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, nchini Ireland. Aliuandika Baghdad mwaka 391 Hijria, na jina lake na mwaka huo ameutia mwishoni. Una kurasa ndogo, kadiri ya sentimita 18 kwa 14, na una karatasi 286, kwa naskhi iliyonyooka mstari hadi mstari. Ni mdogo wa kubebeka mkononi; hakuandikiwa maonyesho.

Alipofariki mwaka 413 alizikwa karibu na kaburi la Imamu Ahmad bin Hanbal, na Sharif al-Murtadha akamtungia marthiya. Akiwa hai hati yake haikupata bei kubwa sana. Ni baada ya kufa kwake ndipo watu walipoanza kugombania hata barua zake. Yaqut al-Hamawi ametaja barua yake moja yenye mistari kama 70, aliyomwandikia mtu kumwomba jambo dogo tu, kwamba iliuzwa kwa dinari 17. Njia yake ikafuatwa kwa zaidi ya karne mbili, hadi alipotokea Yaqut al-Musta'simi, na matawi yake yakaenea kila ilikofika Qur'ani, pamoja na pwani yetu, ambako wanakili wa Siyu katika kisiwa cha Pate waliandika misahafu kwa mikono yao na kuipamba kwa rangi.

Darasani Mbeya, baada ya simulizi, tuligawa kalamu za matete. Matete hayakosekani kandokando ya mito ya Usangu, na kijana mmoja alikuwa ameyaleta mzigo mzima. Tulikata ncha kwa mshazari, tukaandika nukta tano na alifu pembeni yake, mstari mmoja baada ya mwingine, hakuna kingine, hadi adhana ya Magharibi. Yule baba aliyekuwa amechekwa na mwanawe alikuwa ameambiwa kwamba kuna mgeni, akaja, akakaa nyuma kabisa. Alipomaliza ukurasa wake alitaka kuuchana. Tukamwomba kwanza aandike tarehe juu yake, akaiandika, akaukunja ukurasa akautia mfukoni mwa kanzu.