Sheikh Al-Amin Mazrui: Akili si Adui wa Dini

Wanachuo wenzangu, hapa chuoni mjadala wa dini na haki za binadamu ukianza, mara nyingi unaisha kwa ugomvi. Huyu anasema haki hizo ni mambo ya Wazungu, yule anasema dini imefunga watu akili. Mimi nawaomba wote wawili wamjue Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali wa ukoo huohuo. Alisoma Mombasa, kisha Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Mpaka hapo ni njia ya kawaida ya mwanazuoni wa pwani.

Kilichompeleka mbali zaidi ni usomaji. Alisoma Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo, na fikra za Muhammad Abduh wa Misri. Abduh alifundisha kwamba akili na wahyi vyote vimetoka kwa Mungu, basi haviwezi kupingana, na kwamba kufuata kibubusa kila walichosema wazee si uchaji.

Sheikh Al-Amin hakubaki nayo kichwani. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, yaani matengenezo. Aliandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida aelewe. Alikemea gharama kubwa za matanga, akawataka Waislamu wasome elimu ya dunia pamoja na ya dini, tena na watoto wa kike wasomeshwe. Hoja alizitoa ndani ya Uislamu wenyewe. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki Aprili 1947.

Tusimpambe kupita kiasi. Hakuwa mtetezi wa haki za binadamu kwa maana ya leo, na kuiga Wazungu alikupiga vita sana. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo kifungu chake cha 26 kinataja haki ya elimu, lilipitishwa Desemba 1948, yeye keshakufa. Lakini ndiyo hoja yangu hiyo: kwamba binti asomeshwe, alishasema kabla ya azimio, na hakulihitaji ili aseme.

Kwetu Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, nimeona wasichana waliohitimu Qur'ani vizuri kabisa, halafu wakaambiwa sekondari haiwahusu. Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo mzazi wa namna hiyo nitakutana naye tu. Nikimsomea kifungu cha 26, atanisikiliza kwa adabu, kisha ataenda zake. Nikimweleza habari za kadhi mkuu aliyetumia dini hiyohiyo kudai elimu ya binti, hapo tutakaa tuongee. Anaweza asikubali siku hiyo. Ila hataweza kusema ni maneno ya Wazungu, na mimi sitahitaji kumwambia aache dini yake ndipo mwanawe asome.