Kurt Debus: mtu wa roketi au mtu wa makombora?

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu maisha ya washairi, ya wamisionari walioandika kamusi, na ya wanaisimu. Safari hii naomba nafasi kwa mhandisi. Kurt Heinrich Debus hakuandika sarufi wala kamusi, lakini kampuni aliyoisimamia mwishoni mwa kazi yake ilirusha vyombo vyake kutoka ardhi ya Katanga, iliyoitwa Shaba siku hizo. Ugomvi uliozuka juu ya vyombo hivyo, kwa sehemu kubwa, ulikuwa ugomvi wa neno. Ndiyo maana nadhani sisi wa lugha tunahusika.

Kiswahili sanifu kina maneno mawili. Roketi ni chombo kinachojisukuma kwenda juu kwa moto wake chenyewe. Kombora ni silaha. Zamani lilikuwa tufe la mzinga, na siku hizi ni kitu chochote kinachotumwa mbali kwenda kulipuka. Sisi wa Kolwezi, tuliochota maneno mengi ya mashine katika Kifaransa, tunasema fusée kwa cha kwanza na missile kwa cha pili, nasi pia tunatenganisha. Lakini Mjerumani ana Rakete tu, na Mrusi ana raketa tu. Kwao neno moja linabeba chombo kiendacho mwezini na chombo kiendacho kubomoa mji. Maisha ya Debus yanaonyesha kwamba neno hilo moja halikuwa uvivu wa lugha. Kwa miaka mingi kitu chenyewe kilikuwa kimoja.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 29 Novemba 1908. Alisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha ufundi cha Darmstadt, akapata udaktari wake hapo mwaka 1939, akafundisha. Alijiunga na wanamgambo wa chama cha Hitler, na baadaye akaingia katika kikosi cha SS. Wakati wa vita alimripoti kwa polisi wa siri mhandisi mwenzake aliyesema maneno dhidi ya serikali, na mwenzake huyo akahukumiwa. Jambo hili halikutajwa sana wakati wa sifa zake, lakini kwa mtu anayejifunza lugha lina uzito wa pekee: mazungumzo ya kazini, maneno ya mdomo tu, yalitosha kumfikisha mtu mahakamani, na Debus ndiye aliyeyapeleka.

Kituo chake kilikuwa Peenemünde, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki, chini ya Wernher von Braun. Kazi ya Debus ilikuwa urushaji. Wengine walichora injini, yeye alisimamia siku yenyewe: kujaza mafuta, kukagua nyaya, kuhesabu dakika kurudi nyuma, kuamua kama chombo kiondoke au kibaki. Chombo kilikuwa V-2, kilichoanza kuangukia London na Antwerp mwaka 1944. Kilitengenezwa kiwandani chini ya mlima na wafungwa wa kambi ya Dora, na maelfu yao walikufa. Hapo hakuna mjadala wa jina. Hilo lilikuwa kombora.

Mwaka 1945 Wamarekani walimchukua pamoja na kundi la von Braun. Kwanza walikaa Texas, kisha wakahamia Huntsville huko Alabama mwaka 1950. Debus alipewa kazi aliyoijua. Tarehe 20 Agosti 1953 timu yake ilirusha Redstone ya kwanza kutoka Cape Canaveral, Florida. Redstone ilikuwa silaha ya jeshi, iliyotengenezwa kubeba bomu la nyuklia. Tarehe 31 Januari 1958, kutoka pwani ileile, chombo kilichotokana na Redstone kilipandisha Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani. Tarehe 5 Mei 1961 Redstone nyingine ilimpeleka Alan Shepard angani. Tungeandika habari hizo kwa Kiswahili, ingetubidi tuandike kombora mwaka 1953 na roketi mwaka 1961, ilhali mwili wa chombo ni wa ukoo mmoja na mkuu wa urushaji ni yuleyule.

Mwaka 1962 alifanywa mkurugenzi wa kwanza wa kituo ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la rais Kennedy. Alikuta vinamasi na mbu. Hapo lilijengwa jengo la kuunganishia roketi, ambalo ni miongoni mwa majengo makubwa kuliko yote duniani kwa ujazo, na njia ya mawe ambayo roketi nzima ilipita ikiwa imesimama juu ya gari la minyororo. Zaidi ya watu 20,000 walifanya kazi chini yake. Saturn V ziliondoka pale mara 13, kati ya 1967 na 1973, mojawapo ikiwa ile ya Apollo 11 tarehe 16 Julai 1969. Hakuna hata moja iliyolipuka njiani.

Upande wa pili wa dunia alikuwapo mtu tunayeweza kumlinganisha naye: Sergey Afanasyev, aliyepewa mwaka 1965 wizara iliyosimamia roketi zote za Urusi ya Kisoviet, akaishika hadi mwaka 1983. Makombora ya kuvuka mabara yalikuwa mikononi mwake, na roketi ya mwezini N1 pia, ambayo ilirushwa mara nne na kushindwa mara nne. Wizara yake iliitwaje? Wizara ya Ujenzi wa Mashine kwa Jumla. Msomaji angefikiri ni trekta na pampu. Warusi walikuwa na neno moja kwa roketi na kombora, na hata hilo moja wakalificha. Ninapenda mfano huu kwa sababu unatukumbusha kwamba jina rasmi linaweza kuchaguliwa hasa ili lisiseme kitu.

Debus alistaafu mwaka 1974. Hapo ndipo habari inafika kwetu. Mhandisi kijana wa Stuttgart, Lutz Kayser, alikuwa ameanzisha kampuni ya binafsi iliyoitwa OTRAG, yenye nia ya kupeleka satelaiti angani kwa bei rahisi. Debus akawa mwenyekiti wa bodi yake. Wazo lilikuwa la kifundi kweli: badala ya injini moja kubwa ya gharama, chukua mabomba membamba yanayofanana, yafunge pamoja kama mzigo wa kuni, na ukitaka nguvu zaidi ongeza mabomba. Vali zilifunguliwa kwa mota za kufutia vioo vya magari. Mafuta yalikuwa ya taa pamoja na asidi ya naitriki.

Ujerumani Magharibi haikuwa na mahali pa kurushia, na mikataba ya baada ya vita iliibana katika mambo ya makombora. Karibu na ikweta, tena, mzunguko wa dunia wenyewe unasaidia kusukuma. Basi mkataba ukafanywa na serikali ya Mobutu: eneo la kama kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, hadi mwaka 2000. Eneo hilo ni kubwa kuliko Ureno, na ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Uwanja ulijengwa juu ya mto Luvua, upande wa Manono. Ndani ya kilomita hizo kulikuwa na vijiji, mashamba, makaburi ya wazee. Mkataba uliwekwa sahihi Kinshasa.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, wakati vita vya kwanza vya Shaba vilikuwa vinaelekea mwisho. Ya pili iliruka tarehe 20 Mei 1978. Wasomaji wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa tarehe hiyo. Tarehe 13 wapiganaji wa FNLC walikuwa wameingia mjini, tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa walianza kushuka, na kesho yake, watu wakiwa bado wanaokota maiti barabarani, chombo cha Wajerumani kilipanda angani mamia ya kilomita kaskazini-mashariki mwetu, katika jimbo lilelile. Ya tatu, tarehe 5 Juni, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Iliacha njia na kuanguka.

Katika hali hiyo ya vita, nani angeamini neno roketi? Urusi ilidai kwamba ni makombora ya Wajerumani yaliyofichwa Afrika, na Angola jirani ililalamika. Kampuni ilijibu kwamba ni vyombo vya satelaiti. Nikipima hoja, naona kila upande ulikuwa na kitu cha kushika. Mafuta yanayoweza kukaa muda mrefu ndani ya bomba yanafaa silaha. Lakini mzigo wa mabomba mengi, mkubwa, wa kuunganishwa uwanjani polepole, si silaha ambayo jeshi lingeitamani. Kilichowaumiza zaidi ni sura ya mwenyekiti. Mtu aliyerusha V-2, kisha Redstone, kisha Saturn V, hawezi kusema kazi yake inajieleza yenyewe. Aprili 1979 Mobutu aliisimamisha kazi hiyo. Debus aliacha bodi mwaka 1980, kampuni ikahamia Libya, na yeye akafa Florida tarehe 10 Oktoba 1983.

Huku Kingamyambo, mahali ambapo mabaki ya shaba iliyosafishwa yalimwagwa kwa miongo mingi, tunajua kwamba jina la kitu hubadilika kwa bei: takataka ya jana leo inaitwa madini. Kwa hiyo sishangai kwamba roketi na kombora vilibadilishana majina. Ninachokiona katika maisha ya Debus ni kwamba jina halikuamuliwa na umbo la chombo, wala na nia ya fundi, ambaye kila mara alirusha alichopewa. Liliamuliwa na mwenye amri ya kuelekeza ncha yake. Na watu wa Luvua, ambao juu ya vichwa vyao mambo haya yote yalipita, hawakuulizwa walikiitaje.

Hapo pana kazi kwa wenzangu wa fakulte. Wazee walioona moshi ule bado wapo, katika Kiluba, Kihemba na Kiswahili. Bila shaka walikipa jina. Jina hilo halimo katika mkataba, na wenye kulijua wanapungua kila mwaka. Mwenye kutafuta mada ya utafiti aende Manono akalikusanye.