Paul Nordoff: Mwalimu Aliyejibu Kilio kwa Muziki

Mtoto apigapo mayowe darasani, jambo la kwanza linalotujia sisi walimu ni kumnyamazisha. Twaona kwamba mayowe ni kizuizi cha somo, na kwamba somo litaanza pindi kelele zitakapokoma. Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mtu aliyefikiri kinyume cha hayo. Mtu huyo ni Paul Nordoff, Mmarekani aliyekuwa mtunzi wa muziki kabla ya kujitoa kwa watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa namna nyingine.

Nordoff alizaliwa katika mji wa Philadelphia mwaka 1909. Alisomea piano mjini humo, kisha utunzi katika chuo cha muziki cha Juilliard, New York. Hakukawia kujulikana. Mwaka 1939 muziki wake ulitumika katika dansi ya jukwaani iliyobuniwa na Martha Graham, mmoja wa wasanii mashuhuri wa dansi nchini Marekani. Baadaye akawa profesa wa muziki katika Chuo cha Bard, jimbo la New York. Hakukosa cheo, wanafunzi wala wasikilizaji.

Mwaka 1958, akiwa likizoni Ulaya, alizuru Sunfield, makazi ya watoto wenye ulemavu huko Clent, Uingereza. Safari hiyo iligeuza maisha yake. Mwaka uliofuata aliacha uprofesa, akaanza kazi Sunfield pamoja na Clive Robbins, mwalimu wa hapo. Hapana budi tuupime uzito wa uamuzi huo. Mtu wa miaka hamsini aliacha jukwaa, akaingia katika chumba kidogo chenye piano, ngoma, tuazi na mtoto mmoja asiyesema, wala hakuwapo wa kumpigia makofi.

Kazi yao ilikwenda hivi. Nordoff aliketi kwenye piano. Robbins alikuwa kando ya mtoto ili kumsaidia. Nordoff hakuja na wimbo uliokwisha pangwa. Alisikiliza kwanza. Mtoto akipiga ngoma mbio, piano ilikwenda mbio. Akipunguza mwendo, piano nayo ilipunguza. Aliyezunguka chumbani bila kugusa chochote alipigiwa muziki wa mwendo wa miguu yake. Vipindi vilirekodiwa kwenye tepu, na baadaye watu hao wawili walivisikiliza tena na kuandika waliyoyasikia. Waliamini kwamba ndani ya kila mtoto, hata aliyefungwa na ulemavu mzito, yumo mtoto wa muziki anayeweza kuitika.

Miaka ya 1960 Nordoff alirudi Philadelphia pamoja na Robbins. Kuanzia 1962 hadi 1967 walifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika kitengo cha watoto wadogo ambao wengi wao walikuwa na usonji. Mvulana mmoja aliletwa huko akilia na kupiga mayowe. Nordoff hakumbembeleza anyamaze. Alipiga piano kwa nguvu iliyolingana na kilio, akatafuta sauti zilizopatana na sauti za mtoto. Vipindi vilipoendelea, kilio kilianza kuchukua umbo la uimbaji: mtoto alitoa sauti, akangoja ajibiwe, akatoa nyingine. Kupokezana huko ndiko msingi wa mazungumzo, nako hutangulia maneno.

Nordoff alifariki Januari 1977 huko Herdecke, Ujerumani Magharibi. Mwaka huohuo kilichapishwa kitabu kikubwa alichokiandika na Robbins kuhusu njia yao, na watu waliofunzwa njia hiyo wameieneza katika nchi nyingi.

Hata hivyo, mwalimu asipokee jambo kwa sababu tu linapendeza. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi 9. Tiba ya muziki wa kubuniwa papo hapo haikuonekana kupunguza dalili zao kuliko huduma ya kawaida. Mapitio ya tafiti 26 yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliopata tiba ya muziki walielekea zaidi kupata nafuu kwa jumla. Lakini kuhusu usemaji, ushahidi ulio wazi haukupatikana. Basi tusimwahidi mzazi kwamba ngoma itamfanya mwanawe aseme.

Je, yatufaa nini maisha haya? Kwanza, tujifunze kusikiliza kabla ya kufundisha. Mtoto anayegonga dawati ametupa mapigo. Tuyagonge vivyo hivyo, kisha tunyamaze tumngojee. Pili, wimbo wa kumwamkia mtoto kwa jina lake, ukiimbwa polepole kila asubuhi, humpa silabi zilizo wazi na nafasi ya kujaza. Tukiacha neno la mwisho bila kuliimba, tumngoje mtoto alilete, na atakapoleta mguno au mtazamo badala ya neno, tuupokee kuwa jibu. Tatu, tuandike kila siku tulichokiona, maana mabadiliko madogo husahaulika upesi. Nne, tukumbuke kwamba baadhi ya watoto wenye usonji huumizwa na kelele. Akiziba masikio, ngoma iwekwe chini mara moja. Huko nako ni kumsikiliza.

Hatuna piano katika madarasa yetu mengi, wala hatukufunzwa kuwa waganga wa muziki. Lakini Nordoff hakuanza na piano. Alianza kwa kutega sikio. Hilo lamwezekana kila mwalimu, hata yule anayekwenda kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi ya kufundisha.