Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeiona dhahabu ikiwa nyekundu

Msikilizaji, ukifika zahanati ukiwa na homa, mara nyingi mhudumu atakutoboa kidole, atadondosha tone la damu kwenye kipimo kidogo cha plastiki, kisha mtasubiri kama robo saa. Mstari mmoja huonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi. Wa pili ukitokea, una malaria. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu wa mistari ile unatokana na dhahabu.

Inawezekanaje dhahabu ikawa nyekundu? Swali hilo lilimshughulisha Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye maradhi ya mara kwa mara, hivyo nyumbani hali ilikuwa ngumu na shule aliipata kidogo tu. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7. Mchana alishona vitabu, na akipata nafasi alivisoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia maarufu, Humphry Davy. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika taasisi ya Royal Institution. Ni huko ambako mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa kwenye waya uliozungushwa huzalisha umeme. Jenereta zote zimetokana na ugunduzi huo.

Alipoanza kuichunguza dhahabu alikuwa amepita miaka 60, na kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumsaliti. Hata hivyo aliendelea, akiandika kila jaribio kwenye daftari.

Alichukua dhahabu iliyofuliwa hadi kuwa utando mwembamba mno, akaupachika kwenye kioo. Ukiutazama, ulimeta manjano. Mwanga ukipenya, ulitokea wa kijani. Alipoupasha moto, ukijani ulipotea. Alipoukandamiza kwa jiwe gumu, ukarudi. Kisha alitengeneza maji yenye dhahabu, nayo yakawa mekundu kama johari. Faraday alieleza kwamba ndani ya maji hayo mlikuwa na punje za dhahabu ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Mwaka 1857 alitangaza matokeo yake, na alikiri wazi kwamba hakuweza kueleza kila kitu.

Asingeweza. Elektroni, ambazo ndizo zenye jibu, ziligunduliwa mwaka 1897, miaka 30 baada ya kifo chake.

Fikiria mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mwendo wake ukilingana na mdundo wa maji yenyewe, maji huyumba kwa nguvu na kumwagika. Elektroni katika dhahabu nazo huyumba pamoja zinapopigwa na mwanga, na zina mdundo wao. Katika punje ndogo, mdundo huo hulingana na mwanga wa kijani. Kijani humezwa, wekundu hubaki. Punje zikigandana, mdundo hubadilika na rangi hugeuka kuwa bluu.

Utando mwembamba wa dhahabu au wa madini ya fedha juu ya kioo una tabia inayofanana. Mwanga ukipitia kwenye kioo kwa pembe maalumu, elektroni za juu ya utando huumeza. Kitu kidogo kikinasa juu yake, pembe hiyo husogea. Kwa njia hiyo maabara hutambua kama dawa imeshikana na protini inayolengwa.

Faraday alikataa kuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Baadhi ya chupa zake za maji mekundu bado zimehifadhiwa Royal Institution.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukipimwa na mstari wa pili ukatokea hafifu, usiupuuze. Kama mstari wa kwanza upo, ule hafifu nao ni jibu: una malaria, na unahitaji matibabu.