William Playfair, Mskoti Aliyezigeuza Hesabu Kuwa Picha

Kila mwaka bonasi ya chai inapotangazwa, mkulima wa Kisii na Nyamira huwa na maswali mawili. Kwanza hutaka kujua kama malipo ya kiwanda chake yamepanda au yameshuka tangu miaka iliyopita. Kisha hutaka kujua wa Nyansiongo amepata nini akilinganishwa na wa Kebirigo, wa Ogembo, na wale wa mashariki ya Bonde la Ufa ambao kwa kawaida hulipwa vizuri zaidi. Maswali haya yanakaribiana, lakini mchoro mmoja hauwezi kuyajibu yote mawili. La kwanza lataka mstari unaopita mwaka hadi mwaka. La pili lataka mihimili iliyosimama, kila kiwanda na wake.

Michoro hiyo yote miwili, ambayo leo watoto wetu huichora shuleni bila kuuliza ilitoka wapi, ilianza kutumiwa kwa hesabu za biashara na mtu mmoja, William Playfair. Maisha yake, ndugu msomaji, hayakunyooka hata kidogo.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1759 huko Liff, karibu na mji wa Dundee, Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi, naye alifariki mwaka 1772. Kijana akalelewa na kaka yake John, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa hisabati mjini Edinburgh. John alimpa kazi ya kuandika kila siku kiasi cha joto kinachoonyeshwa na kipimajoto, kisha kukichora kwenye karatasi. Playfair mwenyewe alikiri baadaye kwamba fani yake yote ilitokana na zoezi hilo.

Alijifunza ufundi kwa Andrew Meikle, yule aliyeunda mashine ya kupura nafaka. Mwaka 1777 akaingia kazini kwa James Watt wa injini za mvuke, akiwa mchoraji na msaidizi wake. Laiti angetulia hapo! Mwaka 1782 aliondoka akafungua biashara ya vyombo vya fedha mjini London, nayo ikaanguka. Ndipo akageukia kalamu.

Kitabu chake cha mwaka 1786 kilikuwa na michoro 44 kuhusu biashara ya Uingereza na nchi nyingine. Michoro 43 ilikuwa ya mistari. Miaka ilipangwa kutoka kushoto kwenda kulia, fedha zikapanda kutoka chini kwenda juu. Mstari mmoja ulikuwa wa bidhaa zinazoingia, wa pili wa zile zinazotoka. Mfanyabiashara aliweza kuona kwa mara moja mwaka ambao nchi ilianza kupata faida.

Mchoro wa 44 ndio wenye kisa. Ulihusu Uskoti, na Playfair alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, kuanzia Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781, za biashara na nchi 17. Angepitisha mstari wapi? Mstari husema kwamba kitu kilekile kimetoka hapa kikafika pale, na nchi haigeuki kuwa nchi nyingine. Basi akaipa kila nchi mihimili yake. Hivyo ndivyo grafu ya mihimili ilivyozaliwa, kwa sababu ya upungufu wa takwimu, na mwenyewe hakuipenda. Aliiona duni kuliko zile nyingine kwa kuwa haikuonyesha mwendo wa wakati.

Watt alimshauri jambo moja la busara, kwamba michoro ifuatane na majedwali ya tarakimu, ili msomaji asidhani picha imebuniwa tu. Ushauri huo bado unafaa. Tuseme mwalimu wa Nyamira anauliza wanafunzi zao kuu linalolimwa nyumbani kwa kila mmoja. Kwanza atapiga vijiti, vinne na cha tano kukata, kisha ataandika jedwali la marudio: chai wangapi, ndizi wangapi, mahindi wangapi, wimbi wangapi. Akitaka mchoro, mihimili iliyoachana inatosha, kwa maana hakuna kitu kati ya ndizi na wimbi.

Akihesabu kilo za majani mabichi zilizopelekwa kituoni, mambo hubadilika. Kilo hazina mapengo. Baina ya 10 na 11 ipo 10 na nusu. Hizo hupangwa kwa makundi, na mihimili hugusana. Mchoro huo, histogramu, ulipewa jina na Karl Pearson mwishoni mwa karne ya 19, wakati Playfair alikuwa kaburini zamani.

Chati ya duara ni yake pia. Katika kitabu cha mwaka 1801 aliugawa mduara mmoja ili kuonyesha sehemu za dola ya Uturuki zilizokuwa Asia, Ulaya na Afrika. Sharti lake ni kwamba vipande vyote viwe vya kitu kimoja na visiingiliane. Mwalimu wetu akiuliza mazao yote yanayolimwa nyumbani, mwenye ndizi na chai atahesabiwa mara mbili, na duara litakuwa limeharibika.

Lakini mtu huyu aliyefanya hesabu zionekane wazi, mikataba yake mwenyewe ilikuwa gizani. Mwaka 1787 alihamia Paris. Huko aliingia katika kampuni ya Scioto, iliyowauzia Wafaransa mashamba ya Ohio, Marekani, bila kuwa na hatimiliki yake. Mamia walivuka bahari mwaka 1790 wakakuta ardhi si yao. (Nani kwetu hajui uchungu wa shamba lisilo na hati?) Alirudi London, akaanzisha benki mwaka 1797, ikafa. Mwaka 1816 alijaribu kumtoza fedha Lord Douglas kwa kudai ana karatasi za siri. Watu wa namna hii hata wakisema kweli huchelewa kuaminiwa.

Mwaka 1821 alichora bei ya ngano na mishahara ya mafundi kwa miaka kama 250. Alitaka kuthibitisha kwamba ngano haijawahi kuwa rahisi kiasi hicho ikilinganishwa na mshahara. Mchoro ni maridadi, ila kwa maoni yangu alichagua vibaya. Mihimili mirefu ya bei imeufunika mstari mfupi wa mishahara, na jicho huamini kwamba ngano ni ghali. Angehesabu mafundi walihitaji kazi ya wiki ngapi kununua kipimo kimoja cha ngano, akachora mstari huo peke yake, hoja yake ingeonekana.

Alifariki London tarehe 11 Februari 1823, akiwa maskini. Waingereza waliiweka kando michoro yake kwa miaka mingi, mpaka mwanauchumi William Stanley Jevons alipoirudia katika miaka ya 1860.