Marehemu J.M. na Safari Isiyokuwako

Hapa Umoja, mashariki mwa Nairobi, siku hizi habari humfikia mtu kwa simu kabla hajanywa chai ya asubuhi, na nyuma yake hufuata ya kuikanusha. Anayedhani kuwa uzushi ni jambo geni na amkumbuke marehemu Josiah Mwangi Kariuki.

J.M. alizaliwa Bonde la Ufa mwaka 1929. Wakoloni walimweka kizuizini tangu 1953 hadi 1960, na kitabu chake juu ya kambi hizo kikatoka 1963. Alikuwa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha Mbunge na Waziri Mdogo. Ingawa alikuwa tajiri, aliwatetea wasio na ardhi, na wakubwa hawakupendezwa.

Tarehe 2 Machi, 1975, alionekana mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton. Umma ukaambiwa, gazetini na Bungeni, kwamba yuko Zambia. Kumbe maiti yake ilikwisha kuonwa na mchungaji huko Ngong, ikawa imelazwa chumba cha maiti bila jina, mpaka jamaa zake walipoitambua. Kamati ya Wabunge ilichunguza, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Sura ya Hujurat yatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifuata. Raia atahakikishaje, ikiwa wenye dhamana ndio wanaompoteza? Uwongo ule ulidumu siku chache tu. Shaka uliyoiacha imepita miaka hamsini.