Apolo Kivebulaya: Mtu Asiyekula Peke Yake

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Waamuzi 21:25, Matendo 18:24–28, Danieli 3:13–18, Matendo 16:22–34, Wafilipi 2:1–11, Waebrania 11:8–16, Yohana 17:20–23.

Fungu la Kukariri: Warumi 14:7, 8.

Katika maboma ya Loliondo, desturi ya Wamasai ni kwamba morani hali peke yake. Hata akirudi na njaa kali na kibuyu cha maziwa kipo, humngoja mwenzake wa rika. Kunywa peke yake ni aibu. Si mbali na hapo, kwa Wabatemi wa Samunge na Digodigo, maji ya mifereji hugawanywa kwa zamu chini ya usimamizi wa wazee. Hakuna anayejifungulia maji apendavyo.

Lakini kijana wa maboma hayohayo akienda Arusha au Nairobi kulinda geti, au akibaki nyumbani na simu mkononi, hukutana na mafundisho mengine. Huambiwa kwamba maisha ni yake, kwamba imani ni siri yake na Mungu wake, na kwamba kila mtu ana ukweli wake. Katika mafundisho hayo kuna jambo la kweli: Mungu humwita kila mtu kwa jina lake, wala hakuna anayeokolewa kwa imani ya baba yake. Lakini mtu akiyafuata hadi mwisho, hujikuta ameketi gizani na kibuyu chake, akinywa peke yake.

Juma hili tutatazama maisha ya Apolo Kivebulaya, mwalimu wa Injili kutoka Buganda aliyefia Boga, nchini Kongo, mwaka 1933. Alikuwa mchungaji wa Kianglikana. Hakuwa Mwadventista, bali alitembea katika nuru aliyokuwa nayo. Maisha yake yanatuuliza swali moja: je, mtu anaweza kusimama peke yake kwa ajili ya ukweli, bila kuishi kwa ajili yake peke yake?

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Kila Mtu na Njia Yake

Soma Waamuzi 21:25. Nini hutokea watu wanapokosa kipimo kimoja cha mema na mabaya?

Kivebulaya alizaliwa karibu na mwaka 1864 huko Buganda, akaitwa Waswa. Alikua wakati nchi yake ikipepesuka. Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti na wafuasi wa dini ya mababu walishindania jumba la Kabaka. Kabaka Mwanga alitawala tangu mwaka 1884, na katika miaka iliyofuata vijana wengi wa jumba lake waliuawa kwa sababu ya imani yao. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe aliondolewa, na baadaye mwaka huohuo Wakristo wakafukuzwa mjini.

Waswa hakuwa shujaa katika mambo hayo. Alikuwa amejifunza kwa mwalimu wa Kiislamu, akapigana upande wa jeshi la Waislamu, kisha akaliacha na kwenda upande wa Wakristo. Alikuwa kijana kama vijana wengi wa leo, akijaribu njia hii na ile, akitafuta pa kusimama.

Hata hivyo kulikuwa na neno lililobaki moyoni mwake. Alikuwa amemsikia Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyefundisha Injili huko Buganda, ambaye baadaye alifariki Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1890. Mackay hakuishi kuona matunda ya neno lile. Mpanzi alilala, mbegu haikulala.

Kumbuka: wakati ule kama sasa, kuwa na njia nyingi za kuchagua si sawa na kuwa huru. Soma Yohana 8:31, 32. Ni nini hasa kinachomweka mtu huru?

JUMATATU
Aliamua Mwenyewe, Hakujifundisha Mwenyewe

Mwezi Januari mwaka 1895 Waswa alibatizwa, akachagua jina la Apolo. Watu walimwongezea jina la Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu alilokuwa akilivaa. Jina la koti lilimfuata hadi kaburini, lakini jina alilolichagua ndilo linalotufundisha zaidi.

Soma Matendo 18:24–28. Apolo wa Biblia alikuwa mtu wa namna gani, naye alipokeaje marekebisho?

Apolo wa Iskanderia alikuwa msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko. Angeweza kusema kwamba ameelewa kwa namna yake na hilo latosha. Badala yake alikubali kuketi nyumbani mwa mafundi wawili wa kushona mahema, Prisila na Akila, wakamfafanulia njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Apolo wa Buganda naye alipita njia hiyo. Uamuzi wa kumfuata Kristo ulikuwa wake. Hakuna ukoo wala chifu aliyeamua kwa niaba yake. Lakini kusoma alifundishwa na wengine, Maandiko alifafanuliwa na wengine, na mikono iliyomtuma ilikuwa ya wengine. Imani ilikuwa yake kabisa. Ukweli haukuwa mali yake.

Hapo ndipo wengi tunapokosea leo. Tukigombana na mzee wa kanisa, tunahamia kwenye mahubiri ya simu, ambako hakuna anayetujua wala kutuuliza tunaishije. Mahubiri hayo yanaweza kuwa mazuri. Lakini simu haiwezi kukuita pembeni, kama Prisila na Akila, ikakuonyesha ulipokosea.

Ni lini mara ya mwisho ulipokubali kurekebishwa na mshiriki mwenzako? Soma Mithali 27:17.

JUMANNE
Kusimama Peke Yake

Apolo hakukaa sana na chakula alichokipata. Alijitolea kwenda magharibi, hadi Toro, na mwaka 1896 akatumwa Boga. Aliiacha nyuma milima ya Ruwenzori, akavuka mto Semliki. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wamemtangulia huko, wakashindwa kukaa kwa sababu Chifu Tabaro hakuwataka. Apolo alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe, akaanza kuwafundisha watu kusoma.

Mafundisho yake kuhusu ulevi, mizimu na ndoa ya wake wengi yalimchukiza chifu. Kisha likatokea jambo zito. Dada yake Tabaro alifariki kwa ajali ya mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Mwaka 1898 alipelekwa Fort Portal na kutiwa gerezani kwa shtaka la kuua. Mwalimu aliyekuja kuleta uzima akawa amefungwa kama mwuaji, mbali na kwao, bila ndugu wa ukoo wa kumtetea.

Soma Danieli 3:13–18. Vijana watatu walisimama juu ya nini, ilhali hawakuwa na hakika kwamba wangeokolewa na moto?

Baadaye Apolo alisimulia kwamba mle gerezani Kristo alimtokea na kumtia moyo. Sisi tunajua kwamba kila ono hupimwa kwa Neno (Isaya 8:20). Basi tutazame matunda yake. Apolo hakutoka gerezani na fundisho jipya la kwake mwenyewe, wala hakutafuta wafuasi wa kumtukuza. Alitoka na nia ya kurudi Boga.

Kuna tofauti kati ya mtu anayesimama peke yake kwa sababu ya ukweli, na mtu anayekaa peke yake kwa sababu hataki kuguswa na yeyote. Kwa nje wanafanana. Je, utawatofautishaje?

JUMATANO
Adui Anapokuwa Ndugu

Baada ya kufunguliwa, Apolo alikuwa na sababu zote za kurudi Buganda. Hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kusema kwamba amefanya sehemu yake na sasa aangalie maisha yake. Alirudi Boga, kwa chifu yuleyule.

Soma Matendo 16:22–34. Paulo na Sila wangeweza kufanya nini milango ya gereza ilipofunguka? Kwa nini walibaki?

Mlinzi wa gereza la Filipi aliokolewa kwa sababu wafungwa wake walijali maisha yake kuliko uhuru wao. Vivyo hivyo huko Boga. Tabaro alimwona mtu aliyeteswa akirudi bila kisasi, akiendelea kulima, kufundisha na kuomba. Mwishowe chifu mwenyewe aliomba kubatizwa, akachukua jina la Paulo, mtesaji aliyegeuka kuwa ndugu.

Kama Apolo angeutunza ukweli kama hazina yake binafsi, angeulinda vizuri zaidi Buganda, mahali salama. Lakini ukweli wa Injili ni kama moto wa boma. Hauishi kwa kufichwa. Huishi kwa jirani kuja kuchukua kijinga.

Je, yupo mtu uliyemwacha kwa sababu alikuumiza, ambaye Mungu anakutaka umrudie? Ongea na Mungu juu yake leo, kwa jina.

ALHAMISI
Mduara Unapopanuka

Apolo aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1900, na mwaka 1903 akawa mchungaji kamili. Alitumika miaka mingi huko Toro. Mchumba wake alifariki kabla ya arusi, naye akaamua kutooa. Ndoa ni zawadi ya Mungu tangu Edeni, na Biblia haimtaki kila mtumishi aiache. Lakini tunamwona mtu ambaye hata huzuni yake hakuigeuza kuwa chumba cha kujifungia. Pale ambapo wengine wangesema maisha yamewanyima haki yao, yeye alifungua mlango kwa watoto wa watu.

Mwaka 1915 alirudi tena Boga. Mpaka wa wakoloni ulikuwa umehamishwa, na Boga sasa ilikuwa ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Kuanzia mwaka 1921 aliingia katika msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, watu wafupi wa msituni waliodharauliwa na majirani zao. Aliwafuata walikokaa, akawafundisha, na sehemu ya Injili, kitabu cha Marko, ikawekwa katika lugha yao.

Soma Wafilipi 2:1–11. Kristo aliacha nini, na kwa ajili ya nani?

Hapa somo linatugusa hata sisi tunaojivunia ujamaa wetu. Ni rahisi kusema kwamba umimi ni ugonjwa wa mjini au wa Ulaya. Lakini Boga ilikuwa jamii, na ukoo ulikuwa na nguvu, na bado Mwambuti hakuhesabiwa. Kundi nalo linaweza kusema mimi kwanza. Kabila linaweza kuwa umimi wenye watu wengi ndani yake. Morani humngoja mwenzake wa rika, na hilo ni jema sana. Je, humngoja pia Mbatemi? Na Mbatemi, je, humfikiria Mmasai mwenye kiu?

Kristo hakutuita tuache kugawana. Alitupanulia mduara wa wale tunaogawana nao. Soma Luka 10:29–37. Ni nani aliye nje ya mduara wako?

IJUMAA
Kichwa Kuelekea Magharibi

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Waebrania 11:8–16 na Yohana 17:20–23.

Apolo Kivebulaya alifariki huko Boga tarehe 30 Mei 1933, akiwa na umri wa takriban miaka 69. Kabla ya kufa aliagiza jambo moja kuhusu kaburi lake. Desturi ya kwao ilitaka kichwa cha marehemu kielekezwe mashariki. Yeye aliomba kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa wale ambao bado hawakuwa wamesikia. Hakuwa na mke wala mtoto wa kulibeba jina lake. Lakini kanisa la Boga lilibaki, na kutoka hapo Kanisa la Anglikana la Kongo likakua.

Amelala huko bila kujua lolote, akingoja sauti ya Mwokozi asubuhi ya ufufuo. Siku hiyo hataamka peke yake. Watakuwepo na watu wa Boga, na watu wa msitu, wote waliomlaki Kristo kwa imani.

Katika sala yake ya mwisho pamoja na wanafunzi, Yesu aliomba kwamba wote watakaoamini wawe na umoja, ili ulimwengu upate kusadiki. Basi umoja wetu ni sehemu ya ushuhuda wetu. Ulimwengu unaosema kila mtu ana ukweli wake hautashindwa kwa hoja tupu. Utashangaa ukiona watu wanaoshikilia ukweli mmoja kwa uthabiti, kisha wanaugawa kama maziwa, kwa aliye wa rika lao na kwa aliye mgeni.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, jadilini tofauti kati ya imani ambayo ni ya mtu mwenyewe na imani ambayo ni ya mtu peke yake. Kwa nini tunaihitaji ile ya kwanza na kuiogopa ile ya pili?

2. Kijana aliyebatizwa bomani anahamia mjini kulinda geti. Siku ya Sabato hayupo zamu, lakini hamjui mtu, naye anaona simu inatosha. Kanisa la nyumbani lifanye nini? Kanisa la mjini lifanye nini? Yeye mwenyewe afanye nini?

3. Ni desturi zipi za jamii yenu zinazosaidia kuielewa Injili, kama ile ya kutokula peke yako? Ni zipi zinazofunga mduara ambao Kristo ameufungua?

4. Kama ungeagiza kichwa chako kielekezwe upande wa watu ambao bado hujawafikia, kingeelekezwa wapi? Unaweza kuanza kutembea kuelekea huko juma hili?